Kitalu: Kutoka Ukuta wa Mawe wa Bustani hadi Machimbo ya Nyarugusu

Katika nchi ya machimbo ya dhahabu ya Geita neno kitalu ni neno la kila siku. Huko Nyarugusu, kusini ya mji wa Geita, mtu akisema kwamba ana kitalu, wasikilizaji hawafikirii ukuta wala maua. Waelewa mara moja kuwa amepewa kipande cha ardhi ambacho mipaka yake imeandikwa katika leseni, na kwamba ana haki ya kuchimba ndani ya mipaka hiyo. (Nyarugusu hii isichanganywe na ile ya Kasulu, mkoani Kigoma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1996.) Neno hilo hilo hutumiwa na maofisa wa wanyamapori kwa maana ya eneo la uwindaji, na watafutaji wa mafuta na gesi kwa maana ya eneo la baharini au la nchi kavu walilokabidhiwa, na mabwana shamba kwa maana ya mahali pa kuoteshea miche.

Ni rahisi kudhani kwamba maana hii ya machimbo ni tafsiri tu ya istilahi ya Kiingereza iliyoletwa na sheria za madini, na kwamba neno la Kiswahili lilichukuliwa ovyo ili kujaza pengo. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kitalu lilikuwa kwanza jina la ukuta wa mawe uliozunguka bustani ya nyumba kubwa za pwani, kisha likawa jina la bustani yenyewe, kisha la ardhi yoyote iliyotengwa. Kila hatua ilitokana na ile iliyotangulia. Kwa hiyo historia ya neno hili ni sehemu ya historia ya ujenzi wa mawe katika nchi zetu, na mtu akitaka kuielewa hana budi kuzitazama kuta zenyewe, za pwani na za bara.

Maana ya zamani

Kamusi za Kiswahili za mwanzo wa karne ya 20, na ile ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939, zinalieleza neno kitalu kwa maana mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni ua uliojengwa kwa mawe, yaani ukuta unaozunguka uwanja. Ya pili ni mahali penyewe palipozungushiwa ukuta huo, hasa bustani. Mpangilio huu wa maana una faida kwetu, kwa sababu katika matumizi ya leo maana ya ukuta imefifia sana, na vijana wengi hawaijui kabisa.

Yafaa kulilinganisha neno hili na majirani zake. Ua, ambalo wingi wake ni nyua, ni kizuizi cha fito, makuti au miti, na pia uwanja ulio nyuma ya nyumba; halina uhusiano na ua la mti ambalo wingi wake ni maua. Boma ni kizuizi cha kujilindia, kiwe cha miiba, cha magogo au cha mawe. Kiambaza ni ukuta wa nyumba, mara nyingi wa miti na udongo. Ukuta ni neno pana linaloingia mahali pote. Kati ya maneno hayo yote, kitalu peke yake limeunganisha mambo mawili: mawe kwa upande mmoja, na ardhi iliyopandwa kwa upande wa pili. Aliyesema kitalu alikuwa amekwisha kusema kwamba ndani ya ukuta huo mna kitu kilichopandwa na kutunzwa.

Neno jingine linalotuhusu ni kiunga. Kiunga ni pembezoni mwa mji, penye mashamba na miti ya matunda; na nyumba ya kiungani ni ile nyumba ya pili ya mwenye mali, ambayo huiendea ili kupumzika na joto na msongamano wa mji. Mataifa mengi yamekuwa na nyumba za namna hiyo. Pwani yetu pia imekuwa nazo kwa karne nyingi, na humo ndimo kitalu kilipokuwa na maana yake kamili.

Nyumba za kiungani

Mfano mkubwa wa zamani ni Husuni Kubwa, katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Jumba hili lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Halikujengwa ndani ya mji. Limesimama mashariki ya mji, juu ya jabali linaloikabili bahari. Neville Chittick alilichimbua kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, akaeleza matokeo katika kitabu chake juu ya Kilwa kilichotolewa mwaka 1974. Humo mna birika la kuogea lenye pande 8, mna nyua zilizoshuka chini ya usawa wa vyumba, mna ngazi pana za kukalia, na mna ngazi za kuteremkia ufukweni. Mjenzi hakuisawazisha ardhi yote, bali aliugeuza mteremko kuwa pambo: mtu akitoka ua mmoja huteremka au hupanda kuingia wa pili, na kila badiliko la kimo limeshikiliwa na ukuta wa mawe. Kama tunatafuta katika Afrika Mashariki kuta za mawe zilizoshikilia ngazi za ardhi kwa ajili ya kupendeza macho, nadhani hapa ndipo pa kuanzia. Jumba hilo halikumalizwa, na halikukaliwa kwa muda mrefu.

Nyua zilizoshuka twaziona pia katika jumba la Gedi, kaskazini ya Kilifi, ambalo James Kirkman alianza kulichimbua mwaka 1948. Huko ardhi ni tambarare, kwa hiyo mjenzi alitengeneza kimo kwa kuchimba, mahali pa kutengeneza kwa kujaza. Nia ni ile ile: mgeni aingiapo ashuke, akae penye kivuli, kuta zikimzunguka juu ya kichwa chake.

Karne ya 19 ilileta majumba ya Unguja. Sayyid Said, aliyetawala hadi alipokufa mwaka 1856, alikuwa na makao ya shamba huko Mtoni, kaskazini ya mji. Twaijua Mtoni vizuri kuliko majumba mengine kwa sababu binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886 baada ya yeye kuhamia Ujerumani na kuitwa Emily Ruete. Ameeleza uwanja mkubwa wa ndani ambamo paa, tausi, mbuni na korongo walitembea bila kufungwa. Ameeleza mto mdogo uliolipa jumba jina lake, ambao maji yake yaliongozwa katika mabirika kabla ya kufika baharini. Na ameeleza kibanda cha mviringo kilichoikabili bahari, ambapo baba yake alipenda kutembea huku na huku akiwaza. Msomaji wa kumbukumbu hizo aona wazi kazi ya ukuta. Bila ukuta wanyama wangetoroka, maji yangepotea mchangani, na wanawake wa nyumba ya Sultani wasingeweza kuingia bustanini mchana. Ukuta ndio uliompa mtu uhuru wa kuwa nje huku yumo ndani.

Sayyid Said alijenga pia huko Kidichi, juu ya kilima, ambako bafu lililojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi lingali limesimama, na nakshi zake za ndani zimefanyizwa kwa chokaa kwa namna ya Uajemi. Jumba lake jingine, Beit el-Ras, lilianzwa mwaka 1847 na halikuwa limekwisha alipokufa. Mawe yake mengi yalichukuliwa baadaye kujenga reli ya Bububu iliyoanzwa mwaka 1904. Reli hiyo nayo ilikufa mwaka 1928. Hivyo mawe yaliyochongwa kwa ajili ya jumba yalikwenda kuwa tuta la gari la moshi, na tuta likabaki bila gari.

La mwisho katika orodha hii ni Maruhubi, ambalo wengine huandika Marahubi. Sayyid Barghash, mwana wa Said, alilijenga kati ya mwaka 1880 na 1882. Moto uliliteketeza mwaka 1899, na leo zimebaki nguzo, mabafu, mabirika, miembe mikubwa na vipande vya ukuta mrefu wa mawe uliolizunguka shamba. Juu ya ukuta huu husimuliwa kwamba Sayyid Barghash aliutoa Uingereza: alipoitembelea nchi hiyo mwaka 1875 aliziona kuta za mawe zinazozunguka bustani za mabwana wa huko, zikampendeza, akataka mfano wake kwake. Masimulizi hayo yamerudiwa mara nyingi katika vitabu vya wageni, na yanastahili kupimwa.

Kuta za ng'ambo

Ni kweli kwamba Uingereza ya mwaka 1875 ilikuwa imejaa kuta za bustani. Mtindo wa kukata mteremko ulio mbele ya jumba kuwa ngazi pana, na kila ngazi kushikiliwa na ukuta wa mawe uliopambwa kwa vijinguzo na vyungu vya maua, ulitoka Italia. Bramante alipanga uwanja wa Belvedere huko Vatikani kwa ngazi za namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 16, na bustani ya Villa d'Este huko Tivoli, iliyoanzwa katikati ya karne hiyo, ilifanya kilima kizima kuwa ngazi na chemchemi. Mtindo huo ulienea Ulaya. Katika Wales twauona katika ngome ya Powis, ambako kuta zimepandana mmoja juu ya mwingine mbele ya jumba.

Katika karne ya 18 Waingereza waliuchoka. Lancelot Brown, aliyekufa mwaka 1783, aliondoa kuta na ngazi nyingi ili majani yafike hadi mlangoni pa jumba. Lakini baada yake Humphry Repton aliirudisha ngazi ya mawe karibu na nyumba, na katika karne ya 19 Charles Barry alitengeneza ngazi kubwa za mtindo wa Kiitalia huko Trentham, Harewood na kwingineko. Sayyid Barghash alifika wakati mtindo huo uko katika fahari yake.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo masimulizi ya Maruhubi yanalificha. Bustani iliyozungukwa na ukuta haikuhitaji kuvuka bahari kutoka London. Waajemi walikuwa nayo tangu kale, na Wamoghuli wa India waliipeleka mbele: bustani ya Shalimar huko Lahore, iliyotengenezwa mwaka 1641 na 1642, ina ngazi 3 za ardhi ndani ya ukuta mmoja, na maji hushuka kutoka ngazi hadi ngazi. Neno letu la bustani limetoka Uajemi. Na ufundi wa kuta hizo ulikuwa pwani miaka 500 kabla ya Barghash, kama Husuni Kubwa inavyoshuhudia. Barghash huenda aliona Uingereza kitu kilichomkumbusha fahari ya ukuta mrefu. Lakini waashi wake hawakuhitaji kufundishwa na Mwingereza, wala wasemaji wa Kiswahili hawakuhitaji neno jipya. Walikuwa nalo. Ukuta ule ulikuwa kitalu.

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Mawe ya matumbawe yalichimbwa nchi kavu, na yale laini ya baharini yalichongwa yakiwa bado mabichi kwa ajili ya milango, vidaka na nakshi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuu la magogo, kisha ikaachwa ipoe na kunywa maji kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Mwashi alijenga kwa timazi na mwiko, akajaza katikati ya ukuta kwa mawe madogo, akamaliza kwa lipu nyeupe. Lipu hiyo ndiyo ngozi ya ukuta. Ikipasuka, maji ya mvua huingia ndani, udongo huoshwa, mbegu za mivumo na mitini huota katika nyufa, na mizizi huyafungua mawe polepole. Kuta nyingi za kiungani hazikubomolewa na adui. Zilikufa kwa kukosa lipu.

Namna ukuta ulivyokuwa bustani

Sasa tulirudie neno. Ukuta uliwezaje kulipa jina lake shamba lililo ndani yake? Jambo hili si la ajabu kwa mwanafunzi wa lugha, nalo limetokea mahali pengi. Katika lugha ya kale ya Avesta neno pairidaeza lilikuwa na maana ya ukuta uliozunguka. Wagiriki walilichukua kwa bustani za wafalme wa Uajemi. Baadaye likaingia katika Kiarabu, na kutoka huko likaja kwetu kuwa Firdausi, pepo ya juu. Vivyo hivyo neno la Kijerumani Zaun lina maana ya ua, na ndugu yake katika Kiholanzi, tuin, lina maana ya bustani. Ndugu wa tatu, katika Kiingereza, ni town, yaani mji. Shina moja limezaa ua, bustani na mji, kwa sababu katika vyote vitatu jambo la kwanza ni kuzungushia.

Kiswahili chenyewe kina mifano iliyo karibu zaidi. Baraza ni benchi la mawe au la udongo lililojengwa mbele ya nyumba, watu wakae na kuongea. Kutoka benchi likawa jina la watu waliokaa, kisha jina la mkutano, na leo twasema Baraza la Mawaziri na hakuna anayefikiria chokaa. Boma lilikuwa kizuizi. Serikali ya Wajerumani ilipokaa ndani ya mabomba yake ya mawe, au niseme maboma yake, boma likawa jina la ofisi ya wilaya. Basi baraza, boma na kitalu ni maneno 3 ya ujenzi yaliyoingia serikalini kwa njia moja: jina la kitu kilichojengwa limekuwa jina la mamlaka inayokaa humo au inayotokana nacho.

Mawe ya bara

Yawezekana mtu akasema kwamba haya yote ni mambo ya pwani, na kwamba bara hakukuwa na ufundi wa mawe wa kulipokea neno hili. Ushahidi wasema vingine. Huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kuna mashamba ya zamani yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na kumwagiliwa kwa mifereji, yakienea kilometa za mraba zipatazo 20. Yaliachwa karibu na karne ya 18. Vijiji vyao vilikuwa juu ya ngazi zilizoshikiliwa na mawe kwenye miteremko.

Karibu zaidi na Geita, katika Ziwa Viktoria, kiko kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe. Wakara wamejulikana kwa kilimo chao cha bidii: hufuga ng'ombe ndani ili wapate samadi, hulima mabonde yenye maji, na hushikilia udongo wa vilima kwa kuta za mawe zisizo na chokaa. Thornton na Rounce waliandika juu ya kilimo hicho katika toleo la kwanza la Tanganyika Notes and Records, mwaka 1936. Ukuta wa namna hii hujengwa kwa kanuni zake. Mawe makubwa huwekwa chini, uso wa ukuta huelemea mlimani, na nyufa huachwa ili maji yapite huku udongo ukibaki. Ukuta wa chokaa wa pwani hukataa maji. Ukuta mkavu wa Ukara huyaruhusu. Wa kwanza huonyesha utajiri wa mwenye nyumba, na wa pili hulisha watoto. Lakini mtu azitazamapo ngazi za Ukara zilivyofuata umbo la kilima hawezi kusema kwamba zimekosa uzuri, na uzuri huo haukulipiwa na sultani yeyote.

Katika Usukuma kwenyewe, Shinyanga na sehemu za Geita, desturi ya kuzungushia ilifuata njia nyingine. Kaya huzungukwa kwa minyaa, ambayo watu wa huko huita manyara, na malisho ya kiangazi hutengwa kwa desturi ya ngitili. Ngitili haina ukuta. Mipaka yake yajulikana kwa wenyeji, na anayeivunja hujibu mbele ya wenzake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioendeshwa toka mwaka 1986 hadi 2004, ulifaulu kurudisha miti kwa kuwa ulijengwa juu ya desturi hiyo. Hapa twaona kwamba wazo la ardhi iliyotengwa bila mawe lilikuwa limekomaa katika nchi hii kabla ya neno kitalu kufika.

Tofauti na hayo ni tuta. Baada ya mwaka 1947 serikali ya Tanganyika ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, ambao uliwalazimisha wakulima, pamoja na mambo mengine, kulima kwa matuta, na uliwahamishia wengine Geita ambako ardhi ilikuwa bado wazi. Katika Uluguru amri ya kukata vilima kuwa ngazi ilileta ghasia mwaka 1955. Mkulima aliyejenga ngazi kwa hiari yake huko Ukara, na mkulima aliyeamriwa kuijenga huko Uluguru, walifanya kazi iliyofanana kwa macho. Hawakufanya kazi moja. Ukuta una mwenyewe, na watu huutunza au huuacha kwa kadiri wanavyojiona kuwa wenyewe wake.

Kitalu cha karatasi

Sasa twaweza kurudi Nyarugusu tukiwa na vyombo vya kulipima neno. Watu wa machimbo wana maneno yao ya kazi, na ni maneno yenye nguvu. Duara ni shimo la kuchimbia. Asili yake ni mviringo. Matimba ni magogo yanayoshikilia kuta za shimo zisiporomoke. Mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, neno la pwani za ziwa ambako mitumbwi hutia. Karasha ni mashine ya kusagia mawe, na marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu kidogo. Kila neno hapa lataja kitu kinachoonekana au kinachoshikwa mkononi.

Kitalu ni tofauti. Hakionekani. Mipaka yake ni tarakimu katika ramani na alama chache ardhini. Aliye nacho huitwa mwenye leseni, na aliye na shimo ndani yake huitwa mwenye duara. Kila mmoja ana fungu lake katika mawe yanayotoka, na wachimbaji wana lao. Kwa hiyo katika lugha ya machimbo maneno haya 2 yanataja haki 2. Duara ni haki ya aliyechimba, na kila mtu aiona. Kitalu ni haki ya aliyeandikiwa, nayo huonekana ofisini. Ugomvi mwingi wa mipaka katika machimbo hutokea pale ambapo haki hizi zimekutana juu ya ardhi moja bila ukuta wa kuzitenganisha.

Je, kitalu hiki ni tafsiri tupu ya Kiingereza? Istilahi ya Kiingereza kwa maeneo ya namna hii ina maana ya pande au kipande, kama pande la jiwe au la ubao. Kama wafasiri wangelifuata wazo hilo, Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutosha: pande, kipande, sehemu, fungu. Hawakuyachukua. Walichukua neno la ardhi iliyozungushiwa, yenye mwenyewe, na inayotarajiwa kutoa mazao. Mtu aliyekwisha kuita mahali pa miche kitalu alikuwa amekwisha kuuacha ukuta na kubakiza utunzaji; aliyeita eneo la wanyama kitalu aliuacha utunzaji wa mimea na kubakiza haki ya mmoja kuingia na wengine kukatazwa. Machimbo yalifuata. Ndiyo maana nasema kwamba Kiingereza kilileta haja ya istilahi, lakini maana ilitoka katika historia ya Kiswahili chenyewe. Wakulima wa leo wamelirudisha neno karibu na asili yake bila kujua: nyumba ya plastiki ya kuoteshea mboga waiita kitalu nyumba, na humo tena mna ukuta, na ndani ya ukuta mna mimea.

Faida ya uchunguzi huu

Yatokanayo ni haya. Kwanza, watunga kamusi wasiiondoe maana ya ukuta wa mawe, wala wasiiweke mwisho kama kitu cha makumbusho. Hiyo ndiyo maana inayozifungua nyingine, na bila hiyo kitalu cha miche, cha wanyama na cha dhahabu yataonekana kuwa maneno 3 yaliyofanana kwa bahati.

Pili, wanaohifadhi magofu ya Mtoni, ya Maruhubi na ya Kilwa wana neno la Kiswahili kwa kile wanachokihifadhi, na wangefanya vyema kulitumia. Mgeni akiambiwa kuwa ukuta wa Maruhubi ni mfano wa ukuta wa Kiingereza, hupita akiamini kwamba ameona kitu cha kuigwa. Akiambiwa kuwa ni kitalu, ataulizia waashi, chokaa na miaka 500 iliyotangulia, na huenda akauliza pia kwa nini mawe ya Beit el-Ras yaliishia katika reli.

Tatu, lugha ya sheria inapochukua neno lenye historia, huchukua pia matarajio ya wasemaji wake. Katika pwani ya zamani mwenye kitalu alijulikana kwa kazi yake. Alijenga, alipiga lipu, alipanda, alimwagilia. Na alipoacha, mitini ilimwaga mawe yake chini na watu wakaja kuyachukua. Msemaji wa Kiswahili asikiapo neno kitalu bado anatarajia, hata kama hawezi kueleza sababu, kwamba aliyezungushia ardhi ataitunza. Wanaotoa leseni huko Nyarugusu na kwingineko hawakulitunga neno hilo. Walilikuta limekwisha kujengwa, na matarajio hayo yamo ndani yake.